Karanga za Ukoo wa Varnstein

Mama Kabedi alikinunua kwa kilo,
kitabu chekundu, mgongo umeoza,
pamoja na magazeti ya Kifaransa na ramani ya mgodi,
siku walipoifungua ile nyumba ya ghorofa mjini Lubumbashi
wakauza hata vitasa vya milango.
Kurasa elfu moja na ushei, nyembamba kama ganda la kitunguu
lakini imara, hazipitishi mafuta.
Karatasi ya kufungia karanga. Mungu akupe nini tena?

Hivyo ndivyo nilivyomjua Adelgunda.
Jumatatu, njia panda ya Katuba, kifuko cha faranga mia mbili,
chumvi imeganda juu ya jina lake:
Adelgunda Maria Teofila, binti wa tatu,
mzaliwa wa ngomeni, mchumba tangu miaka tisa
wa binamu yake, ambaye pia alikuwa mjomba wake,
kwa kuwa bibi yao alikuwa mmoja
na mito miwili ya damu ilirudi kunywa kisima kimoja.

Nilisimama nikitafuna.
Kwetu Kabongo ukithubutu hivyo
unachinjiwa mbuzi na hutazamwi usoni mwaka mzima.
Kwao walipiga kengele.

Jumanne nikanunua vifuko viwili.
Nikapata tawi dogo la Varnstein, lililokauka,
na kabaila mmoja aliyeoa mara nne
akitafuta mtoto wa kumrithisha jina.
Jumatano herufi ilikuwa K. Wageni watupu.
Alhamisi nilikula mpaka tumbo likalalamika,
ndipo ikaja mahari yake:
vinu viwili, msitu wa misonobari,
na haki ya kutoza ushuru darajani.
Aliyetoa ni baba yake. Baba wa msichana!

Nikamsomea Mama Kabedi. Akacheka, kipimo kikamponyoka:
"Basi kule banauzisha mwanaume!"

Mfukoni mwa shati langu ilikuwapo orodha nyingine,
mwandiko wa baba yake Feza, kalamu ya kijani:
vitenge sita, mbuzi wawili, suti,
baiskeli ya mjomba,
kofia ya babu, ingawa babu tulimzika zamani.
Miezi minane nilikuwa naibeba kama kipande cha risasi.

Na Adelgunda je, aliolewa?
Mstari ulisema *akafunga ndoa tarehe*
kisha ukurasa ukaisha.

"Unaofuata uko wapi, mama?"
"Ule? Njo nilifungiaka mutoto ya fundi ya saa,
jana mangaribi. Alishakula, alishatupa."

Niliinama mtaroni, mtu mzima mwenye tai,
nikipekua maganda na matope.
Mtu akaniuliza kama nimepoteza pesa.
Nikasema, nimepotelewa na bibi harusi.

Ijumaa ukaja ukurasa wa mwanzo, wenye ufunguo wa alama.
Kinyota: amezaliwa. Msalaba mdogo: amekufa.
Nikatazama tena zile karatasi. Makaburini kabisa,
kila jina limechomekwa mti wake.
Mama Kabedi akachungulia begani kwangu:
"Misalaba yote hii? Basi baliolewa sana."

Hakuwa anatania.
Juu ya rundo lake, ili upepo usilichukue,
huweka msalaba wa shaba wenye mikono minne sawa,
mzito kama mtoto mchanga.
Bibi yake alitolewa mitano ya namna hiyo.
Minne ilioza wake wa kaka zake.
Huu mmoja ulibaki. Sasa unalinda wafu wa watu.

Adelgunda sikumpata.
Labda mvua ya Novemba imemsukuma hadi Kenya,
labda amefungia chumvi ya mtu asiyejua kusoma.

Jumapili nilikwenda kwao Feza.
Nilipoikunjua orodha mbele ya wazee
ilikuwa imelowa mafuta ya karanga,
na mahali pa kofia pamekuwa doa jeusi.
Baba yake akaiinua kwenye dirisha, akaisoma taratibu,
akafika pale, akanyamaza,
akaendelea na baiskeli.